Kitenzi na Msomaji: Juu ya Kuuboresha Mtindo wa Nathari ya Kitaaluma katika Kiswahili

1. Utangulizi

Nathari ya kitaaluma ya Kiswahili imeongezeka sana tangu vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilipoanza kukifundisha Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Tasnifu zinaandikwa, majarida yanatolewa, na vitabu vya isimu na vya uhakiki wa fasihi havihesabiki tena kwa vidole. Hata hivyo, lipo lalamiko linalosikika mara kwa mara miongoni mwa wahadhiri na wanafunzi wao, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi haya inachosha. Mwanafunzi huanza ukurasa, akafika katikati, akaurudia tangu mwanzo, na mwishowe akakitafuta kitabu cha Kiingereza kinachozungumzia jambo lilo hilo.

Lawama hutupiwa istilahi. Hudaiwa kwamba istilahi za isimu na za fasihi ni ngeni, kwamba nyingine zimeundwa kwa haraka, na kwamba kila mwandishi huja na yake. Madai haya yana ukweli, lakini hayatoshi kulieleza tatizo. Istilahi ngeni hufafanuliwa mara moja, msomaji akaizoea na kuendelea na safari yake. Sentensi iliyojengwa vibaya haizoeleki: kila inaporudi humtaka msomaji aanze upya kuitegua. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nathari ya kitaaluma humpoteza msomaji hasa kwa sababu waandishi wamekiweka kando kitenzi, ambacho ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote katika sarufi ya Kiswahili, na mahali pake wakaweka misururu ya nomino.

2. Kumvuta msomaji ni nini?

Kabla ya kuendelea, yafaa kuondoa dhana moja iliyoenea. Wengi wakiambiwa waandike kwa mtindo unaovutia hudhani kwamba wanatakiwa kuipamba lugha. Basi huanza makala kwa methali, wakaongeza methali ya pili aya inayofuata, wakatafuta neno la Kiarabu palipo na neno linalojulikana na wote, na wakalirefusha jambo fupi ili lionekane zito. Msomaji wa namna hii ya maandishi huweza kustaajabu, lakini kustaajabu hakumfanyi asome hadi mwisho.

Msomaji wa makala ya kitaaluma ana haja moja: anataka kujua jambo ambalo hakulijua. Huvutwa na mwandishi anayemwonyesha waziwazi nani alitenda nini, kwa nini, na likafuata jambo gani. Methali ina nafasi yake iwapo inafanya kazi ambayo sentensi ya kawaida haiwezi kuifanya; isipoifanya, ni mzigo. Kwa hiyo mtindo unaozungumziwa katika makala haya ni ule wa ndani, yaani namna sentensi inavyojengwa na inavyoshikana na mwenzake.

3. Nathari ya zamani na kitenzi

Husemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na kwamba nathari yake ni changa. Kwa upande wa riwaya jambo hili lina msingi. Lakini nathari ya maelezo ina historia ndefu kuliko inavyokumbukwa. Habari za miji ya pwani, kama zile za Pate, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Maisha ya Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, yalichapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika juu ya desturi za Waswahili katika kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kutolewa mwaka 1903. Nusu karne baadaye Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha (1954), kitabu ambacho jina lake lenyewe laonyesha kwamba mwandishi alitaka nathari ifundishwe kwa mifano.

Maandishi haya hayalingani kwa lahaja wala kwa shabaha, lakini yanakutana katika jambo moja: yanategemea vitenzi. Mtoro hawaorodheshei wasomaji wake majina ya mila. Humfuata mtu tangu azaliwapo, akakua, akaoa, akafa, na mila hujitokeza katika yale yanayotendwa. Tippu Tip husimulia safari ambamo watu wanaondoka, wanafika, wananunua na kupigana. Haya ni maelezo ya maisha na ya jamii, na baadhi yake yamekuwa hazina kwa wanahistoria na wanaanthropolojia. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba lugha yenye vitenzi vingi ni ya ngano peke yake.

4. Msururu wa nomino

Nathari ya kitaaluma ya leo aghalabu huandikwa kama ifuatavyo:

(1) Uchunguzi wa matumizi ya lugha ya wanafunzi ulifanyika kwa lengo la upatikanaji wa ufahamu wa sababu za kutokea kwa makosa.

Sentensi hii haina kosa la upatanisho. Mwalimu anayetafuta makosa ya ngeli ataipita bila ya kuitia alama. Hata hivyo, ina maneno 20, na katika hayo kuna -a unganifu mara 8: wa, ya, ya, la, wa, wa, za, kwa. Kitenzi kikuu ni kimoja, ulifanyika, nacho hakisemi kitu ila kwamba pana jambo lilitendeka. Sentensi hiyo yaweza kuandikwa hivi:

(2) Wanafunzi walichunguzwa jinsi wanavyoitumia lugha, ili ijulikane kwa nini wanakosea.

Maneno yamepungua kutoka 20 hadi 10, na maana haikupungua. Vitenzi vimekuwa vinne, kila kimoja na mtenda wake au mtendwa wake. Ufupi ni faida ndogo tu hapa. Faida kubwa zaidi ni kwamba msomaji wa (2) hahitaji kubahatisha.

Katika (1) hapana budi abahatishe. Je, ‘matumizi ya lugha ya wanafunzi’ ni matumizi wanayoyafanya wanafunzi, au ni matumizi, yawe ya nani, ya ile lugha iitwayo ‘lugha ya wanafunzi’? Tatizo hili limo katika sarufi yenyewe. Kitenzi kinapogeuzwa kuwa nomino, kama chunguza kinavyozaa uchunguzi, hupoteza viambishi vya mtenda, vya wakati na, mara nyingi, vya kauli. Wanaisimu hukiita kitendo hiki unominishaji. Baada ya kunominishwa, lililobaki kuonyesha uhusiano ni -a unganifu, na -a hiyo haitofautishi mtenda na mtendwa. ‘Uchunguzi wa walimu’ waweza kuwa walimu walichunguza, na waweza kuwa walimu walichunguzwa. Katika tasnifu tofauti hiyo si ndogo: ndiyo inayomjulisha msomaji ni nani aliyeulizwa maswali na ni nani aliyeyauliza.

Yafaa kutambua kwamba kitenzi-jina kina nafuu kidogo, kwa kuwa huhifadhi kauli: ‘kuchunguza kwa walimu’ na ‘kuchunguzwa kwa walimu’ ni mambo mawili yanayojulikana. Mwandishi anayelazimika kutumia nomino, basi, afadhali achague ile iliyobakiza ukitenzi wake.

Kwa nini mtindo huu umeenea? Sababu ya kwanza ni kwamba wataalamu wengi wa Kiswahili walipata shahada zao za juu kwa Kiingereza, na hoja zao huundwa kwa lugha hiyo kabla ya kuvishwa maneno ya Kiswahili. Kitenzi cha Kiingereza hakina viambishi vingi, na mwandishi wa lugha hiyo hupata wepesi fulani kwa kuzipanga nomino bila kuziunganisha. Kiswahili hakina wepesi huo. Kila nomino inayoongezwa huja na kiunganishi chake, na kiunganishi hicho hubadilika kufuatana na ngeli, hata msomaji awe na kazi ya kukumbuka ni wa upi unaofuata u- ipi. Sababu ya pili ni lugha ya ofisi. Barua za serikali na taarifa za mikutano zimewazoesha watu kudhani kwamba jambo likitajwa kwa nomino lina heshima kuliko likielezwa kwa kitenzi.

Hapa tahadhari inahitajika. Hakuna taaluma isiyo na nomino dhahania. Maneno kama usanifishaji, uhakiki na unyambulishaji hayaepukiki, kwa kuwa hutaja dhana ambazo mwandishi atazirudia na kuzijadili. Kigezo kinachoweza kufuatwa ni hiki: nomino itumiwe kutaja dhana itakayojadiliwa, lililotendeka lielezwe kwa kitenzi. Tena istilahi mpya hupokewa vizuri zaidi ikiwa tendo limeelezwa kwanza kwa kitenzi, kisha likapewa jina.

5. Vitenzi vitupu na utajiri wa mnyambuliko

Dalili ya pili ya mtindo huu ni vitenzi vitupu, yaani vitenzi vilivyoachwa bila kazi baada ya maana kuhamishiwa kwenye nomino. Vinavyotumiwa zaidi ni kufanya, kutoa, kuweka, kuleta na kuwa na. Mifano ifuatayo hukutwa karibu katika kila tasnifu:

(3) kufanya uchambuzi wa – kuchambua
kutoa msaada kwa – kusaidia
kuweka msisitizo juu ya – kusisitiza
kuleta athari kwa – kuathiri
kuwa na uhitaji wa – kuhitaji

Katika kila jozi, neno la kuume latosha. Lakini hasara haikomi hapo, kwa sababu mwandishi aliyekiacha kitenzi ameiacha pia minyambuliko yake. Kiswahili humwezesha mtu kusema kwa neno moja jambo ambalo kwa nomino lingehitaji maneno manne au matano:

(4) kuandika kitabu kwa ajili ya watoto – kuwaandikia watoto kitabu
kufikia maelewano kati yao – kuelewana
kufanya sentensi iwe fupi – kuifupisha sentensi
kufanya maana iwe wazi kwa msomaji – kumbainishia msomaji maana

Tazama umbo alimbainishia. Ndani yake mna mtenda, wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendesha na kauli ya kutendea. Msomaji aliyekulia katika lugha hii hulifungua neno hilo bila ya kujua kwamba analifungua. Mwandishi anayeyatawanya maelezo hayo katika maneno sita humnyang’anya msomaji wake urahisi aliozaliwa nao.

6. Kirejeshi: amba- na -o-

Jambo jingine linaloipunguzia nathari mwendo ni kukithiri kwa amba-. Katika Kiswahili sanifu amba- ina kazi yake halali: hutumiwa pale ambapo kitenzi hakipokei kirejeshi ndani yake, kama kwa -me-, -nge- na hu-, na hutumiwa pia panapokuwa na umbali kati ya nomino na kitenzi chake. Lakini mwandishi anayeitumia kila mahali huandika hivi:

(5) Mwandishi ambaye anataka kusomwa ni yule ambaye anaelewa mambo ambayo msomaji wake anayajua.

Linganisha na:

(6) Mwandishi anayetaka kusomwa huelewa mambo anayoyajua msomaji wake.

Katika (6) kirejeshi kimeingia ndani ya kitenzi, na nomino ‘msomaji wake’ imekuja baada ya kitenzi badala ya kukitangulia. Mpangilio huu ni wa kawaida katika mazungumzo, nao huipa sentensi mwendo wa kwenda mbele. Mwenye kusoma (5) kwa sauti husimama mara tatu. Mwenye kusoma (6) husimama mwishoni.

7. Sentensi kushikana na sentensi

Hata sentensi nzuri zikikaa kila moja peke yake hazimvuti msomaji. Aya huenda iwapo jambo lililokwisha kutajwa linatangulia na jambo jipya linafuata. Hapa ndipo kauli ya kutendwa inapopata kazi yake ya kweli. Walimu wengi huikataza kwa kuwa humficha mtenda, na kwa hakika sentensi kama ‘imesemwa kwamba’ ni maficho yasiyomfaa mtaalamu, kwani humzuia msomaji asijue ni nani aliyesema. Lakini mfano ufuatao waonyesha upande wa pili:

(7) Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake mjini Mombasa. William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, aliyakusanya mashairi hayo. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940.

(8) Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake mjini Mombasa. Mashairi hayo yalikusanywa na William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940.

Katika (7) kila sentensi inaanza na mtu mpya, na msomaji hajui kama habari hii ni ya mshairi, ya mkusanyaji au ya mhariri. Katika (8) mashairi yenyewe ndiyo yanayofuatwa, kutoka kinywani mwa mtunzi hadi kitabuni. Kauli ya kutendwa haikumficha mtu yeyote. Imeishika mada isiponyoke.

Mfano huo pia umeonyesha kazi ya -ka-. Wapo wanaodhani kwamba kiambishi hiki ni cha hadithi na hakistahili makala ya kitaaluma. Mwandishi mwenye imani hiyo hulazimika kuandika:

(9) Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa na umuhimu katika uteuzi wa lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na baada ya hapo kulikuwa na uundaji wa Kamati ya Lugha mwaka 1930.

Mwingine aweza kuandika:

(10) Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza walikutana, wakashauriana juu ya lahaja itakayokuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu, wakakiteua Kiunguja. Miaka miwili baadaye ikaundwa Kamati ya Lugha. Uamuzi huo, uliokiweka kando Kimvita, ulikatwa mjini Mombasa.

Mfano wa (10) ni mrefu kuliko (9), jambo linalothibitisha kwamba ufupi peke yake si sifa. Lakini msomaji wake anaona watu wakikutana na kuamua, na kila -ka- inamwambia kwamba tendo moja limelifuata jingine. Jina la Mombasa limewekwa mwisho, mahali ambapo msomaji hukaa kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna pambo lililoongezwa, wala mwandishi hakutamka kwamba jambo hilo ni la ajabu. Mpangilio peke yake umemfanya msomaji atambue kwamba Kimvita kiliachwa katika mji wake chenyewe, na yamkini atataka kujua kwa nini.

8. Pingamizi

Huenda ikapingwa kwamba mtindo wa namna hii unaishusha taaluma, kwamba mwanazuoni hapaswi kuandika kama mtu azungumzaye barazani. Jibu limo katika mifano iliyotangulia. Kipimo cha kwanza cha maandishi ya kitaaluma ni uhakika wa maana, na imeonekana kwamba ni nomino ndizo zilizoleta utata, na vitenzi ndivyo vilivyouondoa. Mwandishi anayesema ‘walimu 12 walihojiwa’ amejifunga zaidi kuliko anayesema ‘mahojiano ya walimu yalifanyika’, na hivyo ni rahisi zaidi kumhoji na kumsahihisha. Pengine hiyo ndiyo sababu nyingine inayowafanya baadhi ya waandishi wazipende nomino: humpa mtu mahali pa kujificha iwapo hoja yake haijakomaa.

9. Njia ya kusahihisha

Kutokana na yaliyoelezwa, mwandishi anaweza kuupima mswada wake kwa hatua chache. Kwanza, apige mstari chini ya kila kitenzi kikuu na ajiulize kama kinasema kitu. Kikiwa ni kufanya au kutoa, aitazame nomino inayokifuata, kwani huenda kitenzi cha kweli kimo ndani yake. Pili, ahesabu -a unganifu katika kila sentensi. Zikifuatana tatu au zaidi, aitazame tena. Tatu, katika kila aya ajiulize ni nani au ni nini kinachofuatwa, na kama viima vinakionyesha. Nne, aisome kazi yake kwa sauti mbele ya mtu aliyeelimika asiye wa fani hiyo. Mahali msikilizaji anapoomba arudiwe, hapo pana kazi.

Hatua hizi zawahusu zaidi wasimamizi wa tasnifu. Desturi iliyopo ni kusahihisha tahajia, upatanisho na istilahi, kisha kuuacha muundo wa sentensi kama ulivyo. Mwanafunzi aliyeandika mfano wa (1) hurudishiwa karatasi isiyo na alama, naye akaamini kwamba hivyo ndivyo wasomi waandikavyo. Miaka kadhaa baadaye huwa mwalimu au mhariri, akawafundisha wengine mtindo huo huo.

10. Hitimisho

Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na kilipotambuliwa na Katiba ya mwaka 2010 kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kilipata haki ambazo watetezi wake walizipigania kwa miaka mingi. Haki hizo zinaweza kumlazimisha mwanafunzi afanye mtihani kwa Kiswahili. Haziwezi kumlazimisha akitafute kitabu cha Kiswahili anapotaka kujua jambo kwa hiari yake. Hiari hiyo hujengwa na waandishi, sentensi baada ya sentensi.

Imeonyeshwa katika makala haya kwamba chombo cha kazi hiyo hakihitaji kuundwa wala kukopwa. Kamati za istilahi zitaendelea na kazi yao, nayo ni muhimu. Wakati huo huo, kila mhadhiri anaweza kuanza na mswada ulio mezani pake: atafute sentensi iliyo ndefu kwa nomino, amtafute mtenda aliyepotea ndani yake, na amrudishie kitenzi chake.